Mgema na Msifuji: Hukumu ya Mvinyo Mwekundu Viungani mwa Dar es Salaam

Mithali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni miongoni mwa mithali zinazotajwa sana na kufikiriwa kidogo. Aghalabu hutumiwa kumwonya fundi asilewe sifa. Lakini mithali hii ina watu wawili, wala si mmoja. Yuko mgema atiaye maji, na yuko msifuji ambaye sifa zake ndizo zilizomfungulia mgema mlango wa kutia maji. Huyu wa pili hupita bila kulaumiwa, ilhali kosa la kwanza ni lake, kwa kuwa alisifu pasipo kusema alichokisifu. Kama angalisema, "Tembo hili ni jema kwa sababu halina maji," mgema angalijua ya kuwa ulimi ulio mbele yake unayatambua maji, na kesho asingalithubutu.

Ikisomwa hivi, mithali hii ni mithali ya uhakiki. Yafundisha kwamba sifa isiyo na sababu huharibu kitu kile kile inachokipenda. Katika makala haya inatumiwa kupimia jambo moja lililozidi kuonekana katika viunga vya Dar es Salaam, Kinondoni upande wa kaskazini na Temeke upande wa kusini, nalo ni kuonja mvinyo mwekundu na kuuhukumu: upi umependeza kuliko ilivyotarajiwa, na upi umevunja moyo.

Huenda msomaji akauliza mvinyo umeingiaje katika kurasa za fasihi. Jibu ni kwamba hukumu ya ladha ni kazi ya maneno. Hakuna awezaye kumwazima mwenziwe ulimi wake. Awezalo ni kumpa neno, na neno likiwa bovu, hukumu nayo huwa bovu. Wengi katika wakazi wa viunga hivi hawanywi kileo, ama kwa amri ya dini yao ama kwa hiari yao, na makala haya hayakusudii kumshawishi mtu yeyote. Lakini hata asiyekunywa ana haki ya kuuliza kama wanywao wanasema kweli juu ya wanachokinywa, maana uongo wa mezani huishia katika shamba la mtu.

Watu wa pwani hawakuanza jana kuhukumu vileo. Katika minazi ya pande za Mbagala na Kigamboni, tembo limegemwa na kuuzwa tangu zamani, na wanunuzi wake walikuwa na elimu kamili ya saa. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na la kesho yake limekwisha kuelekea kuwa siki. Mnunuzi mzoefu hakuhitaji kuambiwa tembo limegemwa lini. Alionja, akajua. Tena alijua kusema: hili limechacha, hili limetiwa maji, hili limekaa katika chombo kisichosafishwa. Kila neno katika hayo lilielekea kwenye tendo fulani la mgema, na mgema aliweza kulijibu. Huo ulikuwa uhakiki wa kweli, ingawa haukuandikwa.

Mvinyo wa zabibu ulipoingia, elimu hiyo haikuufuata. Sababu moja yaweza kuonekana katika majina yake. Kiswahili kina majina matatu ya kinywaji hiki, na kila moja limekuja na hukumu yake. Mvinyo ni neno lililotoka kwa Wareno, na kamusi za zamani hulieleza kuwa ni divai au kileo chochote kikali. Basi mtu alisikiaye huwa tayari kutazamia ukali. Divai ni neno lililotoka kwa Wafaransa, nalo limezoeleka sana kanisani. Hapo hukumu ni ya namna nyingine kabisa, kwani sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 yataka divai ya altare iwe ya asili, tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Neno la tatu ni waini, lililotoka kwa Waingereza, nalo hupatikana katika maduka makubwa na mahoteli, likivaa suti. Yule aombaye mvinyo huogopa ukali, aombaye divai hutaka usafi, na aombaye waini mara nyingi hutaka heshima. Kinywaji ni kile kile, lakini waonjaji watatu wamekaa mbele yake kila mmoja na hukumu aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Ni nini, basi, kiwezacho kuiondoa hukumu katika mazoea na kuileta kwenye ukweli? Swali hili lilimshughulisha David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha. Humo alisimulia upya kisa kilichomo katika kitabu cha Don Quixote. Ndugu wawili wa ukoo wa Sancho waliitwa waonje mvinyo wa pipa moja lililosifiwa sana. Wa kwanza alionja, akafikiri, akasema ni mwema, isipokuwa una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye akasema ni mwema, isipokuwa una ladha kidogo ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Lakini pipa lilipomalizika, kulionekana chini yake ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Kisa hiki kimetumiwa na wahakiki wengi kuonyesha kwamba wako watu wenye ulimi mwepesi kuliko wengine. Liko fundisho jingine ndani yake lililo na faida zaidi. Wale ndugu hawakusema tu kwamba mvinyo ni mzuri au mbaya. Walitaja kitu: ngozi, chuma. Kwa kuwa walitaja kitu, iliwezekana kuwasadiki au kuwakanusha. Kama wangalisema mvinyo ni wa hali ya juu, wa kifahari, wenye hadhi, hapana ufunguo ambao ungaliweza kuonekana chini ya pipa kuwathibitisha. Hukumu iliyo njema ni ile inayoelekeza kidole penye ufunguo.

Kwa kipimo hicho yafaa kusikiliza lugha isikikayo katika meza za viunga. Mahali pa kuisikia kwa wepesi ni Temeke, katika viwanja vya maonyesho vya Barabara ya Kilwa, kila unapofika mwezi wa Julai na watu kumiminika katika Sabasaba. Hapo wajasiriamali huleta chupa zao: mvinyo wa zabibu za Dodoma, na mvinyo wa rosela, ambao huwa mwekundu sana ingawa haukupata kuona zabibu. Mpita njia humiminiwa kidogo katika kikombe, hunywa amesimama, kisha husema neno. Maneno yasikikayo ni machache. Kinachopendwa huitwa kitamu au laini, na kisichopendwa huitwa kikali au kichungu. Hata jina la bidhaa moja ya Dodoma, dompo, limegeuka vinywani mwa watu kuwa kama jina la jamii nzima ya mvinyo mtamu. Akiambiwa kwamba kinywaji chake ni kikali, muuzaji hawezi kujua kama limelaumiwa joto la kileo, au uchachu wa tunda, au ule mkwaruzo uliobaki kwenye fizi. Ameambiwa mambo matatu kwa neno moja, wala hana la kwenda kurekebisha.

Si kweli kwamba Kiswahili kimepungukiwa na maneno. Kinyume chake, katika jambo hili lugha ina utajiri ambao wenyewe wameuacha jikoni. Mvinyo mwekundu una sifa moja iliyo kuu kuliko zote, inayoutenga na mweupe. Hiyo ni ile hali ya kukausha kinywa, itokanayo na maganda na kokwa za zabibu. Maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Wekundu hupatikana kwa kuyaacha maji hayo yachachuke pamoja na maganda, na pamoja na rangi hutoka kitu hicho kikaushacho ulimi. Lugha nyingi hulazimika kueleza hali hii kwa maneno ya mbali. Mswahili analo neno tangu utotoni: ni ukakasi. Ameujua katika bibo, katika ndizi mbichi, katika zambarau ambayo haijaiva sawasawa, na katika chai ya rangi iliyoachwa jikoni ikachemka mno. Hapana mtoto wa Mbagala aliyekula zambarau akarudi nyumbani na ulimi wa buluu, kisha akahitaji mwalimu wa kumfundisha ukakasi ni nini.

Kadhalika uchachu si siri kwa mtu ajuaye ukwaju na embe bichi, na anajua pia kwamba uchachu wa ukwaju si uchachu wa siki, kwani mmoja ni wa tunda na mwingine ni wa kuharibika. Ukali ufaao kutajwa kwa jina hilo ni ule wa kileo, uingiao kooni kama joto. Uchungu hukaa nyuma ya ulimi, kama wa mwarobaini. Kitu kisicho na ladha huitwa chapwa au dufu, na kitu kitamu kupita kiasi hukinaisha. Haya ni maneno saba au manane, na yakitumiwa kila moja mahali pake, mvinyo mwekundu wowote ule waweza kuelezwa kwa haki.

Badala ya hayo, watu wengi wameazima maneno ya vibandiko vya chupa. Liko neno moja ambalo madhara yake yanastahili kuchunguzwa. Wazungu huuita mvinyo usio na sukari kwa neno lao la ukavu, na wafasiri wakaandika "mvinyo mkavu". Kwa Mzungu neno hilo halina taabu, kwa kuwa alikwisha kulizoea katika maana hiyo tangu zamani. Lakini Mswahili asomaye kwamba kitu cha majimaji ni kikavu hutafuta maana, na maana ya karibu aionayo ni kwamba kinywaji hicho hukausha kinywa. Hivyo amechanganya mambo mawili yasiyohusiana: kukosekana kwa sukari, na kuwapo kwa ukakasi. Mvinyo waweza kukosa sukari na usiwe na ukakasi wowote, kama ilivyo mingi katika ile myeupe. Tena waweza kuwa na sukari nyingi na ukakasi vile vile. Mtu aliyedanganywa na tafsiri hii huonja mvinyo wa Dodoma usio na sukari, husikia ukakasi, husema, "Ndiyo maana huuita mkavu, nami siupendi," kisha huchukua ule mtamu maisha yake yote. Hakuukataa mvinyo. Alikataa neno lililofasiriwa vibaya.

Kosa la namna hiyo hiyo limo katika kanuni isemayo kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Kanuni hii ilizaliwa katika nchi za baridi, katika nyumba zenye kuta nene za mawe, na chumba kilichokusudiwa kilikuwa na joto la digrii 16 au 18 hivi. Chumba cha Mwananyamala mwezi wa Februari, chini ya bati, hupita digrii 30. Mvinyo ukifikia joto hilo, kileo chake huruka na kufunika harufu zote, utamu huelea juu, na mnywaji husikia kama amepewa dawa ya kikohozi. Mtu aliyeishika kanuni neno kwa neno ameivunja maana yake. Wengine, kwa kuukimbia ubaya huo, huutia mvinyo katika barafu mpaka ukaganda jino, na hapo ukakasi huzidi, harufu hulala, na kila ila hufichwa. Njia iliyo sawa ni rahisi: chupa ikae muda mfupi tu katika maji yenye barafu, kisha itolewe. Kanuni husafiri kama shairi lisafirivyo. Anayetafsiri maneno bila kutafsiri hali hupoteza kitu chenyewe.

Baada ya kuweka maneno na kanuni mahali pake, yaweza kusemwa yapi huvunja moyo na yapi hupendeza.

Kivunja moyo cha kwanza ni chupa ya ng'ambo yenye jina kubwa. Katika duka la Kinondoni huonekana juu kabisa ya rafu, imesimama karibu na dirisha, na bei yake ni mara tano au sita ya zile zilizo chini. Mnunuzi huiheshimu kabla ya kuifungua. Lakini chupa hiyo imevuka bahari, imekaa bandarini, imepanda lori, na imesimama katika jua la dirisha hilo miezi isiyojulikana. Kizibo cha gome, kisichoguswa na mvinyo kwa kuwa chupa haikulazwa, kimekauka na kuruhusu hewa. Ikifunguliwa, rangi yake imekwenda kwenye udongo wa matofali, na harufu yake ni ya zabibu kavu zilizochemshwa. Mara nyingine harufu huwa ya boksi lililoloweshwa na mvua. Hiyo si kazi ya jua wala ya mwenye duka. Ni dosari ya kizibo chenyewe, ambayo wanasayansi waliitambua chanzo chake mwaka 1981. Vyovyote iwavyo, mvinyo umekufa, na mezani hakuna asemaye. Kila mmoja humtazama mwenziwe, kisha mmoja husema, "Unasikika kuwa ni wa gharama." Hapo msifuji ametenda kosa lile lile la mithali, na safari hii mgema yuko mbali hata hawezi kumsikia.

Kivunja moyo cha pili ni chupa iliyofunguliwa. Baa nyingi huuza mvinyo kwa bilauri, na chupa moja huweza kukaa juu ya kaunta siku nne, tano, au wiki nzima katika joto la pwani. Louis Pasteur, katika kitabu chake juu ya mvinyo cha mwaka 1866, alikwisha kuonyesha kwamba magonjwa ya mvinyo hutoka kwa vijidudu, na kwamba mmojawapo katika maadui zake hugeuza kileo kuwa siki pale hewa inapoingia. Mnywaji wa tembo angaligundua mara moja kuwa kinywaji hiki ni cha jana. Mnywaji wa mvinyo, kwa kuwa ameambiwa kwamba mvinyo huwa bora kadiri unavyokaa, hudhani uchachu ule wa siki ndio ukomavu wenyewe.

Cha tatu hakina budi kutajwa kwa uangalifu, kwa maana ni utamu. Si haki kuulaumu mvinyo kwa kuwa ni mtamu. Watu wa pwani hula halua kwa kahawa chungu, na hakuna aliyewaambia kwamba hawana adabu ya ladha. Mvinyo mtamu wenye uchachu wa kutosha husimama kwa miguu yake. Lawama ni ya sukari itumiwayo kama vazi la kufunika mwili usiokuwapo. Dalili yake ni hii: mnywo wa kwanza hupendeza, wa pili ni kama wa kwanza, wa tatu hukinaisha, na baada ya kumeza hapana kinachobaki isipokuwa nata ya midomo. Hapana ukakasi, hapana harufu ya tunda, hapana uchachu. Iko rangi na iko sukari. Kinywaji cha namna hiyo kingaliweza kutengenezwa bila ya shamba la mizabibu, na hilo ndilo jambo la kutisha.

Upande wa pili yako mapendezo, na lililo kubwa huja mahali pasipotazamiwa. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950. Ardhi ile ni kavu, mvua yake ni chache, na inuko lake ni mita zipatazo 1,100 juu ya bahari, hata usiku wake huwa baridi kuliko wa pwani. Mizabibu ya huko haina majira ya baridi ya kulala. Mkulima huikata matawi na kuiamsha, nayo huzaa mara mbili kwa mwaka. Iko zabibu nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa mji, na wengine wamepanda mbegu za Ulaya. Kwa muda mrefu mvinyo wa Dodoma ulijulikana Dar es Salaam kama kitu cha kununuliwa na asiye na pesa za kununua kingine. Tangu miaka ya 2000 makampuni ya watu binafsi, kama lile lililoanzishwa Hombolo, yalijaribu kutengeneza mvinyo mwekundu usio na sukari kwa kufuata ufundi wa Kitaliano.

Chupa ya namna hiyo, ikiwa haijachomwa na jua, ikapozwa kama ilivyokwisha kuelezwa, na kuletwa mezani pamoja na mbuzi wa kuchoma katika uwanja wa baa ya Kinondoni au Tandika, yaweza kumshangaza mtu aliyekuja kuidharau. Ikinywewa peke yake, ukakasi wake hukwaruza. Ikinywewa na nyama yenye mafuta, ukakasi ule hushika nyama badala ya kushika ulimi, na mara tunda hujitokeza nyuma yake: zambarau iliyoiva, forosadi, na kitu kidogo kama moshi. Uchachu wake husafisha kinywa, na kipande kifuatacho cha nyama huwa kama cha kwanza. Haya si maajabu. Ndiyo kazi ambayo ndimu na ukwaju zimeifanya siku zote pembeni mwa mshikaki.

Hata hivyo hapana budi kujihadhari. Kuna namna ya kusifu kitu kwa sababu ni chetu, nayo ni maji yale yale katika tembo. Mvinyo mwekundu wa Dodoma una ila zake. Mwingine una ukakasi wa kokwa zilizokamuliwa kwa nguvu mno, mwingine una kileo kikali kilicholishinda tunda kwa kuwa zabibu ziliachwa juani kupita siku zake, na mwingine una harufu ya chombo kisichooshwa vema. Mhakiki anayeyanyamazia hayo kwa uzalendo humnyima mtengenezaji kitu pekee ambacho hawezi kujipa mwenyewe, yaani ulimi wa mtu mwingine.

Dawa ya mapendeleo yote mawili, ya ugeni na ya uzalendo, ni ile ya kuficha jina. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaita waamuzi Wafaransa mjini Paris waonje mivinyo bila kuona vibandiko, ya Ufaransa na ya California pamoja. Katika myekundu, uliotoka mbele ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars wa mavuno ya 1973 kutoka California, ukiipita mivinyo ya Bordeaux ambayo waamuzi wenyewe walikuwa wameiheshimu maisha yao yote. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Bordeaux wenye kunyenyekeza zaidi. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limekwisha kuandika hukumu kabla pua haijaulizwa. Ikiwa wanafunzi wa Bordeaux wamepatikana na kosa hilo, hapana aibu kwa mnywaji wa Temeke akiona kwamba rosela na zabibu zimempotosha kwa sababu ya wekundu wao. Afunge chupa kwa gazeti, aonje, aseme neno, kisha afungue gazeti. Jaribio hilo halina gharama.

Faida ya jaribio hilo haiishii katika starehe ya wanywaji. Zabibu iliyoiva haingoji. Ikikatwa, yatakiwa ifike penye pipa kwa siku chache, na mkulima asiye na pipa lake yuko katika mikono ya mnunuzi. Imetokea si mara moja kwamba wakulima wa Dodoma wamevuna na kukosa soko, ilhali rafu za Dar es Salaam, kilometa zipatazo 450 kutoka mashambani mwao, zimejaa chupa nyekundu. Sheria ya ushuru ya Tanzania imekwisha kupambanua. Mvinyo ambao zabibu zake za nchini zimezidi asilimia 75 hutozwa ushuru mdogo kuliko mwingine. Sheria imejitahidi kuitambua zabibu, lakini ulimi wa mnunuzi bado. Kwa kadiri mnunuzi asivyoweza kutenga tunda na sukari iliyotiwa rangi, mtengenezaji hana sababu ya kulipia zabibu njema. Atanunua chache, atanunua hafifu, na atatia utamu. Mnywaji atasema, "Kizuri, kitamu," na maji yatakuwa yameingia katika tembo kwa idhini ya wote waliokaa mezani.

Mithali nyingine husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa tembo la mnazi huenda ikawa kweli, kwa kuwa mnunuzi na mgema walisimama chini ya mti mmoja. Kwa mvinyo si kweli hata kidogo. Kati ya mzabibu wa Bihawana na bilauri ya Mwenge kuna kiwanda, lori, duka, kibandiko na tafsiri mbovu, na chema chaweza kupotea katika kila kituo. Katika safari ndefu namna hiyo, kitu pekee kiwezacho kurudi mpaka shambani bila kuharibika ni neno lililo sahihi. Mtu wa Tandika aonjaye mvinyo na kusema, "Ukakasi ni mwema, lakini uchachu huu ni wa siki, si wa tunda; angalieni vyombo," amefanya alichokifanya ndugu wa Sancho. Watu waweza kumcheka. Lakini pipa litakapomalizika, kiwandani wataangalia chini.